Gofu Niliyomnyima Askofu

Kwenye harambee za kanisa letu huku Molo, kitu kikinadiwa hakiendi nyumbani kwa aliyekinunua. Ukinunua jogoo, unampelekea mgeni wa heshima. Ukinunua keki, unampa mke wa mchungaji, naye akiwa mwema anairudisha inadiwe tena. Ndivyo tulivyolelewa, na anayebeba kitu chake kwenda nacho nyumbani huitwa mchoyo mpaka Krismasi. Mimi nilibeba.

Siku hiyo tulikuwa tunachangia wodi ya akina mama. Jogoo alikuwa ameuzwa na kuuzwa tena hadi akaonekana amechoka kuliko sisi. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi kutoka Nakuru akatoa bahasha: siku nzima ya gofu kwa watu wawili, pamoja na mwalimu na chakula cha mchana. Watu walicheka. Sisi nyasi tunazijua kwa kulisha ng'ombe.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilimfikiria mume wangu. Tangu apatwe na kiharusi alikuwa hatoki nje ya lango. Daktari alimwambia atembee, naye akatembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Mguu haukuwa shida; shida ilikuwa fimbo ya kutembelea. Mtu aliyeendesha lori la viazi maisha yake yote hakutaka majirani wamwone akijikongoja, na mimi niliona anaisha kwenye kile kiti. Nilibembeleza, nikagomba, nikaogopa. Lakini niliwahi kupeleka karoti jikoni kwenye klabu moja ya gofu, na nilichokiona huko sikukisahau.

Nikainua mkono. Mtu wa meza kuu akapandisha bei, nami nikapandisha. Nilikuwa nimeuza ndama wiki hiyo, na ndama mzima akaenda.

"Mathe ameshinda," mshereheshaji akatangaza. "Sasa, mathe, unapelekea nani? Bishop ako hapa mbele."

"Naenda nayo nyumbani."

Vichwa vyote vikanigeukia. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini mimi nikishasema nimesema.

"Kwani wewe unajua golf?"

"Sijui. Nitajulia huko huko."

Askofu mwenyewe ndiye aliyeniokoa. "Wachana na huyo mama," alisema. "Mimi hata goti inaniuma." Watu wakacheka, nami nikarudi kuketi na bahasha yangu mkobani.

Nyumbani mume wangu aliisoma, akaisoma tena. "Golf? Na hii fimbo?"

"Huko kila mtu anatembea na fimbo," nikamwambia. "Mwenye ataulizwa maswali ni mimi, sina fimbo."

Siku ilipofika alinyoa ndevu.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana. Alitupangia fimbo za gofu kwenye nyasi, kila moja na namba yake, kisha akaitazama ile ya mume wangu. "Na hiyo yako, mzee, ni namba ngapi?"

Mume wangu aliifikiria. "Hii ni ya kuanzia," alisema. "Zingine bado ziko njiani." Akacheka kile kicheko chake cha barabarani, nami nikageuka nikajifanya natafuta leso.

Hakuwa mchezaji. Mipira yake ilikwenda kwenye miti, mmoja ukarudi nyuma yetu. Lakini gofu ina jambo moja zuri: ukishaupiga mpira, lazima uufuate. Aliufuata, akiegemea fimbo, akiulaani polepole kwa lugha ya mama yake. Mimi ndiye niliyeomba kupumzika kwanza.

Jumatatu niliamka nikakuta kiti kiko tupu na fimbo haipo nyuma ya mlango. Nilitoka mbio, bila viatu, mpaka langoni. Alikuwa kule barabarani, mahali tunapopelekea maziwa, amezungukwa na wazee wenzake. Alikuwa ameinua fimbo yake juu, anawaonyesha namna ya kupiga.