Kumfuata Skolastika kwenye Mito Inayorudi Nyuma

Mama yangu alianza kwa kulalamika kwamba moshi wa jikoni umezidi. Tukatoboa dirisha. Akasema moshi bado upo. Ndipo tukampeleka Sumbawanga, na daktari akamtazama macho, akatuambia kwamba ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba moshi huo hautatoka kwa dirisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka kumwona Skolastika wakati bado anaweza kuona. Baba alikuwepo. Hakusema ndiyo wala hapana, lakini kwa muda wa miaka mitatu jina hilo likitajwa yeye hutoka nje, kwa hiyo kule kubaki kwake sisi tulikuchukua kuwa ruhusa.

Skolastika ni mdogo wangu. Aliolewa na Saidi, kijana wa Rufiji aliyekuja Sumbawanga akiwa utingo wa lori la mwenye duka mmoja. Akamfuata mumewe mpaka kwao na akaingia dini yake. Baba hakwenda arusini. Nilichaguliwa mimi kumfuata kwa sababu katika nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyewahi kufika Mbeya. Enzi hizo za Mwingereza mtu wa Mollo, kijiji chetu, akisema anakwenda Rufiji ilikuwa sawa na kusema anakwenda ng'ambo. Isitoshe, kiangazi kilikuwa kinakaribia mwisho. Mvua za kwetu zikianza, barabara ya Sumbawanga hujifunga, na mtu aliyechelewa hukaa Tunduma akiutazama mkoba wake.

Kutoka Sumbawanga nilipanda lori la mahindi, juu ya magunia. Niliondoka nimevaa makoti mawili kwa baridi ya Ufipa. Koti la kwanza nililivua baada ya Mbeya, la pili Morogoro, na nilipofika Dar es Salaam sikuwa na kitu kingine cha kuvua kwa heshima. Toka hapo nikapata lori jingine la kwenda kusini mpaka Kibiti, kisha Nyamisati, mahali ambapo barabara inaishia mtoni na dereva anakuambia ushuke kana kwamba umefika.

Nyamisati, asubuhi, nilikwenda kunawa uso. Mto ulikuwa unapanda kuelekea bara. Jioni nilirudi mahali pale pale, na sasa ulikuwa unashuka kuelekea pwani. Nilifikiri nimekosea upande niliosimama. Kwetu maji yakishaamua kwenda mahali huwa yamekwenda. Nikachota kidogo nikaonja, yakawa na chumvi. Mwanamume aliyekuwa akiziba mashua yake kwa pamba na mafuta alinitazama nikitema.

"Mgeni," akasema.

"Wa Ufipa."

"Mimi pia mgeni, ila nimechakaa. Mfaume, mtu wa Kilwa."

Nilimweleza shida yangu na nikalitaja jina la kijiji cha kina Saidi. Bwana Mfaume aliendelea kuziba.

"Maji nayajua," alisema. "Mto huo siujui. Nimezoea matawi ya kusini. Huko anakokaa dada yako sijawahi kufika."

"Hapa kuna mtu aliyewahi kufika?"

"Wapo wengi. Kila mmoja kafika kwa njia yake."

Siku nzima iliyofuata hatukusafiri. Tulikaa kivulini na kuuliza watu. Tulimwuliza mkata boriti, tukamwuliza mvuvi, tukamwuliza mama mmoja aliyeleta mikeka. Wote walikubaliana kwamba mbele kuna njia panda ya maji, na kwamba ukifika hapo unashika tawi pana, lenye nguzo mdomoni. Mimi niliona mambo yamekwisha. Bwana Mfaume alimwuliza kila mmoja amepita lini mara ya mwisho. Ikaonekana wote walipita kabla ya mafuriko makubwa, na mafuriko hubadilisha njia za maji.

"Sasa nisikilize," aliniambia. "Tutashuka na maji yanayopwa mpaka njia panda. Hapo tunatia nanga, tunangoja maji yaishe kabisa. Yakiwa machache, mto hauna pa kuficha kitu. Yakianza kujaa ndipo tunaingia. Tukikwama, maji yanayokuja yatatunyanyua. Ukikwama maji yakiwa yanaondoka, umekwama kweli."

"Na njia isipoonekana?"

"Tunarudi hapa na hayo hayo yanayojaa. Tukubaliane sasa, tukiwa tumekaa. Tukifika huko kila mtu atakuwa na haraka."

Nikakubali. Aliweka mashuani mitungi miwili ya maji ya kunywa, unga, kamba ndefu, nanga, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo na kupimia kina. Nilimwuliza kama kuna mamba. Akasema si katika maji haya. Hakusema ni katika maji yapi.

Tuliondoka asubuhi, maji yakitubeba yenyewe. Pande zote mbili ni mikoko, na mizizi yake imesimama nje ya tope kama miguu ya meza nyingi zilizopangwa ovyo. Hakuna kilima, hakuna mwamba, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusema ni hapa. Nilijaribu kukariri njia, lakini kila kona ilifanana na ile iliyotangulia, nikaacha.

Njia panda tuliifikia kabla maji hayajaisha. Nguzo haikuwepo. Upande wa kulia lilikuwepo tawi pana, zuri, limenyooka, linang'aa. Kushoto palikuwa na kijito chembamba kilichofunikwa na matawi, ambacho kwetu mtu asingevusha hata mbuzi bila kuuliza mara mbili. Nikasema njia ndiyo hii ya kulia, kama tulivyoambiwa, na tuingie kabla jua halijawa kali. Mama yangu, nikasema, anapoteza macho.

"Tulikubaliana tutangoja," alisema Bwana Mfaume, akatia nanga.

Sikuridhika. Tukakaa. Akalala, kofia usoni. Mimi nikautazama ule mto mzuri, nikimhesabia Bwana Mfaume makosa yake. Baada ya muda niliona kitu cheusi katikati ya maji, nikadhani ni kiboko. Hakikusogea. Kikarefuka. Kingine kikatokea pembeni yake. Kisha maji yote ya tawi lile yakaanza kuondoka kama ya beseni lililotoboka, tope likabaki limelala wazi toka ukingo hadi ukingo, na kaa wakatoka kutembea mahali nilipotaka tupite. Ndani kidogo kulikuwa na mashua ya mtu, imelalia ubavu, imekwisha kuota magugu.

Mto ulikuwa umekwisha. Nimesema hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kusema.

Nilimwamsha Bwana Mfaume. Alitazama kulia, akatazama kushoto ambako kijito chembamba bado kilikuwa na maji meusi ya kina, akachovya upondo na hakugusa chini. Maji yalipogeuka, tukaingia kushoto, polepole, yeye anasukuma, mimi mbele nasogeza matawi.

Alasiri tulifika kijijini. Ili kuingia bandarini kwao tulivuka mahali pa kina kifupi, kama kizingiti cha tope, na Bwana Mfaume alipima hapo mara nyingi. Mama mmoja wa makamo alitupokea, akasikia natoka wapi, akaita kuelekea nyumbani, "Salma! Kaka yako amefika."

Niligeuka kumtafuta Salma ni nani. Akatoka Skolastika, na mtoto mgongoni.

Alinisalimu kwa Kifipa, akakosea neno moja, akacheka, kisha akauliza, "Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akakaa chini pale pale.

Bi. Zena, yule mama aliyetupokea, mkwe wa Skolastika, alisema aende. Lakini Saidi alikuwa kwenye kazi ya boriti, na mke hawezi kuondoka na mtoto safari kubwa kama ile bila mumewe kujua. Bwana Mfaume akanivuta kando. "Usikae sana. Tumekuja karibu na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji makubwa. Kila siku sasa yanajaa pungufu ya jana, mpaka yawe maji mafu. Kile kizingiti kitatukatalia."

Tulimtumia Saidi ujumbe kwa mtumbwi. Tukangoja. Nilikula wali kwa nazi kila siku na kila siku nilikwenda kutazama alama ya maji kwenye mkoko, nayo kila siku ilikuwa imeshuka. Saidi alipokuja alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kama baba ndiye aliyenituma. Nikamwambia baba hakutoka nje. Akaelewa. Alikuwa na kazi ya watu mkononi, asingeweza kufuatana nasi. "Waende," alisema. "Mvua za kule nazijua."

Asubuhi ya kuondoka, Bi. Zena alikuwa ameshapakia gunia la mchele, nazi, mikeka na kapu la kamba waliokaushwa. Bwana Mfaume aliitazama mashua ilivyozama.

"Na haya, hatupiti. Tungoje bamvua ya mwezi mwandamo, au tuyashushe."

Bi. Zena hakupendezwa. Mtu hampeleki mkwe kwao mikono mitupu. Skolastika akamshika bega. "Mama, yule kule hanihitaji niende na nazi. Ananihitaji niende na uso." Akashusha gunia mwenyewe. Mikeka miwili ilibaki, kwa heshima.

Tuliondoka maji yakiwa juu kabisa, kwa kadiri yalivyoweza. Kwenye kizingiti mashua ikakwaruza, ikasimama. Bwana Mfaume akasukuma. Ikasimama vile vile.

"Kesho maji yatakuwa madogo kuliko haya," alisema, kama mtu anayetaja habari za sokoni. "Tushuke."

Tope lilinipokea mpaka mapajani. Nilijaribu kusukuma, na kwa kila msukumo ni mimi niliyerudi nyuma. Skolastika alinitazama kidogo tu, akafungua kanga, akanipa mtoto. "Kaka, wewe simama hapo. Usifanye kitu."

Nikasimama na kutofanya kitu. Mtoto aliniangalia usoni kwa makini, labda akitafuta nina faida gani. Mdogo wangu, ambaye nilimwacha akiogopa kuvuka kijito cha kwetu wakati wa masika, alilala kifudifudi kwenye tope kama watu wa kule wanavyofanya ili wasizame, akapenyeza vijiti vya mkoko chini ya mashua, akaweka bega. Bwana Mfaume upande wa pili. Waliitikisa kulia, kushoto, kulia. Kwenye mzizi wa karibu niliona ukanda mbichi: maji yalikuwa yameanza kuondoka. Bwana Mfaume naye aliuona. Hapo akilini niliona sura ya mama dirishani, akimngoja binti aliyekwama huku kwenye matope.

"Mara hii," alisema Skolastika.

Mashua ikateleza. Ilikwenda mbele yenyewe, na ilibidi waikimbilie kwa tumbo. Kisha wakarudi kunichukua. Mtoto alitoka upesi. Mimi nilitolewa kwa kamba, na viatu vyangu vilibaki Rufiji.

Maji yanayopwa yakatushusha mpaka njia panda. Tukangoja yageuke, yakageuka, yakatupandisha Nyamisati. Bwana Mfaume aliagana nasi kwa maneno machache, akarudi kuziba mashua yake.

Tunduma mvua ya kwanza ilitukuta juu ya lori. Sumbawanga tuliingia kwa kusukuma.

Mollo tulifika mchana. Mama alikuwa mlangoni. Skolastika alipiga magoti, na mama akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akausogeza karibu sana na wake. Alichukua muda.

"Umekonda," alisema kwa Kifipa. "Nakuona vizuri. Umekonda."

Baba alikuwa zizini, anashughulikia kamba isiyokuwa na tatizo lolote. Alikuja polepole. Skolastika akamwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia. Akamtazama mtoto.

"Anaitwaje?"

"Hamisi."

Baba alilirudia jina mara mbili, bila kuharakisha. "Atasikia baridi huyu," akasema, akaingia ndani, akatoka na koti lake la kuendea misa, akamfunika.

Watu wa kwetu huniuliza nilijifunza nini huko. Nawaambia kwamba ukienda kwenye maji usiyoyajua, umwulize anayekuelekeza alipita lini, ubebe maji ya kunywa, uingie yanapojaa, na upatane na mwenzako mapema ni wapi mtageuka, kwa sababu mkishafika mto utaonekana mzuri na mtu mwenye shida hawezi kuuamini ubaya wake. Wanasema maji kwenda na kurudi ni uongo. Sijapata namna ya kuwathibitishia.

Skolastika alikaa mpaka barabara zilipofunguka. Macho ya mama yalikuwa yamefunga kabla ya Pasaka, naye akawa anamjua Hamisi kwa mwendo na kwa kilio. Siku ya kumsindikiza Skolastika, baba alikwenda mwenyewe Sumbawanga. Lori lilipokuwa likipakiwa, alilizunguka, akapiga teke kila gurudumu, kisha akamwuliza dereva, ambaye alikuwa hamjui, kama breki zake ni nzima, akasimama pale mpaka alipojibiwa.