Leseni ya Drusilla

Mwaka 1971, Drusilla wa Keroka alikuwa akipamba sebule za maharusi kwa udongo wa rangi na vitambaa vya kufuma. Afisa wa leseni, Bwana Jeconia, akamkuta juu ya stuli, akamwambia ashuke. Bila leseni hakuna kazi.

"Basi nipe hiyo leseni, mwanangu."

Jeconia akapekua kitabu chake cha kazi zinazopewa leseni. Kulikuwa na duka, hoteli, bucha na kinyozi. Mpamba nyumba hakuwemo.

"Mama, serikali haikujui."

"Na harusi ni Jumamosi. Kinyozi hufanya nini?"

"Hupendezesha vichwa."

"Mimi napendezesha kuta. Andika."

Akaandika kinyozi, akagonga muhuri. Drusilla aliitundika leseni sebuleni kwake. Wanaume waliosikia ana leseni ya kinyozi wakaja kunyolewa walipewa chai, wakaondoka na nywele zao, wamekwisha kumwagiza aje awapambie nyumba.