Vidonge Katika Kopo la Mama Yake

Katikati ya miaka ya tisini, binti yangu alijiandaa kwenda kumtembelea mumewe, aliyekuwa mhandisi katika nchi moja ya Ghuba. Mama yake alikuwa ameshafariki, nasi tuliishi wawili katika nyumba ndogo hapa Saint Paul. Binti huyo alizaliwa na selimundu. Maumivu ya mifupa yalipompata, hakuna kilichomtuliza isipokuwa vidonge vyenye kodeini, dawa kali ya jamii ya afyuni, alivyoandikiwa na daktari wake. Dawa zake, tangu utotoni, zilikaa katika kopo dogo la bati ambalo mama yake alilishonea mfuko wa kanga.

Habari ya safari ilipoenea kanisani, kila mtu akawa mjuzi wa Ghuba. Mmoja alisema mwanamke akicheka barabarani hukamatwa. Mwingine, kwamba mgeni akipiga mluzi hufungwa. Niliwauliza swali nililowauliza wanafunzi wangu miaka thelathini: "Umeona mwenyewe?" Aliyeleta habari ya mluzi aliipata kwa shemeji yake, na shemeji huyo hakuwahi kwenda mbali kuliko jimbo jirani la Wisconsin.

Jumamosi moja tulikwenda Roseville kutafuta nguo nyepesi za mikono mirefu. Theluji ilikuwa imefika magotini, na madukani hapakuwa na kitu ila sufi. Muuzaji mmoja, mama wa Mombasa, alitusikia tukizungumza.

"Ghuba? Nimekaa huko miaka saba, baba."

"Umekaa, au umesikia?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto mtundu. "Nimepika, nimefua, nimepiga pasi. Kusikia nimekuachia wewe."

Nikatoa daftari langu. Alimweleza binti yangu kwamba asimtangulizie mwanamume mkono. Aweke kiganja kifuani, angoje. Asipige picha za wanawake. Kahawa aipokee kwa mkono wa kulia. "Na ukitosheka, kitikise kikombe, mwanangu. Usipokitikisa, watakumiminia mpaka ulie." Kisha akauliza, "Dawa watumia?"

Binti yangu akatoa kopo mkobani. Yule mama hakuligusa.

"Hili liache."

"Lakini ni dawa yangu. Daktari ndiye aliyeniandikia."

"Wewe wajua. Mtu wa forodha hajui. Nilisafiri na mwenzangu, kafunga vidonge vya maumivu kwenye karatasi. Mimi nilitoka uwanja wa ndege siku ile ile. Yeye alitoka siku ya tatu."

Sasa hofu yangu ilikuwa na umbo. Bila vidonge asingeweza kusafiri. Navyo, angeweza kuishia mahabusu, tena akiwa na maumivu. Hata hivyo, ushahidi wa mtu mmoja haukunitosha. Jumatatu nilipiga simu ubalozi wa nchi ile ya Ghuba, kule Washington, nikasubiri, nikapiga tena, hadi ofisa alipothibitisha aliyosema yule mama na kunitajia masharti: barua ya daktari, igongwe muhuri wao, na dawa ikae katika chupa ya duka la dawa yenye jina la mgonjwa. Barua iligongwa muhuri na kurudi kwa posta siku mbili kabla ya safari.

Asubuhi ya kuondoka, nilivihamisha vidonge kutoka kwenye kopo hadi kwenye chupa ya duka la dawa, kimoja kimoja.

"Baba, una-worry sana. Umevihesabu mara tatu."

"Nataka nivijue."

"Na kopo?"

"Litabaki."

Aligeukia dirishani. Sikuzoea kukumbatia watu, nami sikujua mikono niiweke wapi. Nikamwambia, "Litabaki na mimi. Ukirudi utalikuta."

Siku mbili sikufanya lolote la maana. Asubuhi ya tatu, chai ikiwa mezani mbele yangu, simu ililia.

"Walisoma barua yote, baba. Wakalinganisha jina la kwenye chupa na pasipoti, wakanirudishia."

"Vyote?"

"Vyote. Ninavyo mkononi." Akacheka. "Kwa jirani nimekunywa vikombe sita vya kahawa ndipo nikakumbuka kukitikisa."

Nikakaa kitini.

"Baba, kopo langu lipo?"

"Lipo."

"Umeliona mwenyewe?"

Lilikuwa kiganjani mwangu tangu simu ilipolia. "Nimelishika," nikamjibu.