Jedida na Mkeka Uliokosa Pembe

Mtasema Hawe, bibi yenu, ameanza uongo wake. Haya, semeni. Lakini hili nililiona kwa macho yangu yote mawili, hata lile lenye ukungu.

Jedida binti Musyoka alikuwa mpangaji wangu hapa Tezo. Mkamba mwembamba, mwoga wa kila kitu: bahari, jogoo wangu, hata uji ukichemka. Chuo kilimleta kufundisha hesabu kwa majaribio katika sekondari iliyo nyuma ya mihogo yangu. Mkaguzi alipokuja kumsikiliza, chaki ilimtoka mkononi na maneno yakamtoka kichwani. Akaambiwa: nitarudi, na ukishindwa tena, ualimu basi.

Tangu hapo halali, hali. Moyo wake ulipiga kwa kishindo mpaka nazi zikadondoka kwa jirani. Jirani huyo, Kitsao, akaziokota, akamshukuru Mungu.

"Hawe," akaniambia, "nimepangiwa somo la kukamilisha mraba. Ndilo lile lililonishinda."

"Kwani mraba wenyewe umepungua nini?"

Akaniomba mkeka mdogo wa mraba na kipande kilichobaki cha mkeka mwingine. Akavitandaza sakafuni.

"Huu mraba hatujui upande wake. Kipande hiki kina urefu sawa na huo upande, na upana wa shubiri sita. Ukivijumlisha, eneo ni arobaini. Mraba una upande gani?"

"Si upime, mwanangu?"

"Hawe! Kupima hairuhusiwi."

Akakikata kipande changu katikati, mchana kweupe, nami namtazama! Vikawa viwili, kila kimoja upana wa shubiri tatu. Kimoja akakishonea ubavuni mwa mraba, kingine chini yake. Pembe moja ikabaki wazi.

"Umeona? Hapa panakosekana tatu kwa tatu, yaani tisa. Hilo pengo ndilo somo lenyewe. Wakiliona, wataelewa." Akautundika jikoni.

Sasa, jirani yangu Kadii ni msukaji, na hawezi kuona mkeka una pengo, kama wewe usivyoweza kuona mtoto ana kamasi ukamwacha. Alikuja kuomba moto sisi tuko kisimani. Ukili wa kushonea mikeka alikuwa nao kwapani, sindano kwenye kilemba. Akaliziba lile pengo, akaukunja mkeka, akaenda zake. Jedida alidhani nimeukunja mimi, mimi nikadhani yeye. Asubuhi akaubeba hivyo hivyo.

Nikamfuata. Nikasimama dirishani mwa darasa kana kwamba natafuta mbuzi wangu. Mbuzi sina.

Mkaguzi alikaa nyuma, kalamu mkononi, uso kama mlango uliofungwa. Jedida akaandika ubaoni ile arobaini yake, akaukunjua mkeka mbele ya wote.

Pembe nne. Zote zimejaa.

Niliona damu inamtoka usoni ikashukia viatuni. Nami nilishika nondo za dirisha, ndani nasema: Kadii, umemuua mtoto wa watu. Mkaguzi akaanza kuandika.

Ndipo mjukuu wangu Mbeyu akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona hiyo pembe ni mbichi?"

Kweli. Mkeka wote ulikuwa wa kahawia, ila pale pa Kadii ukili ulikuwa mpya, kijani bado.

Jedida akaugeukia mkeka. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Hiyo mbichi... ina ukubwa gani?"

"Tatu kwa tatu! Tisa!"

"Ilikuwamo katika arobaini yetu?"

"Hapana!"

"Basi tukiongeza tisa upande huu wa mlinganyo, ule mwingine je?"

"Nao tisa!"

Arobaini ikawa arobaini na tisa, mkeka mzima ukawa saba kila upande. Toa tatu, mraba una nne. Akasema hesabu hiyo ina jibu la pili pia, hasi kumi. Mkeka wa hasi kumi sijapata kuulalia.

Mkaguzi akaja mbele, akaipapasa ile pembe.

"Nani kakushonea hii?"

"Sijui, mzee. Nimeikuta hapa hapa, mbele yenu."

Mlango wa uso wa yule mtu ukafunguka. "Umefaulu, mwalimu."

Jedida akaketi palepale juu ya mkeka. Nami nikasahau mbuzi, nikapiga kigelegele, mlinzi akanifukuza.

Kadii mpaka leo ananung'unika: vipi tumeupeleka mkeka kwa wageni kabla hajaumalizia ukingo?