Nilivyokwenda Tarime Kumwangalizia Baba Mpira

Baba yangu alipoteza uwezo wa kuona, lakini mpira hakuuacha. Yeye yuko kwetu Songea na redio yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Natta, mkoani Mara, na tangu nipangiwe huku sijarudi nyumbani. Timu ya kwetu ilipopangwa kuja Tarime kwa mechi ya kombe, alinipigia simu.

"Nenda ukaniangalizie," akasema. "Mtangazaji ananiambia mpira uko wapi. Haniambii wengine wamesimama wapi. Huyu kocha mpya anatumia mabeki watatu au wanne? Na usinipigie uwanjani kwenye kelele. Nipigie ukiwa umetulia."

Matokeo angeyapata redioni. Alichotaka ni kuiona timu yake, na macho aliyobaki nayo ni yangu. Niliogopa, maana mpira wenyewe niliupenda kwa kukaa karibu naye tu.

Jumamosi alfajiri nilipanda pikipiki hadi Mugumu, kisha basi la Tarime. Karibu na Nyansurura ng'ombe walitusimamisha, na dereva akasubiri bila kupiga honi. Tulipovuka Mto Mara ardhi ikaanza kuinuka, migomba ikaongezeka, na ubaridi ukaingia dirishani. Ulikuwa ubaridi wa kwetu kabisa. Abiria mwenzangu aliomba nifunge dirisha, nikafunga shingo upande.

Tarime nilipokelewa na Mama Bhoke, shangazi wa mwalimu mwenzangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kula kwanza. Leo mnafungwa, na kufungwa na njaa ni vibaya."

Aliniwekea ugali wa mtama na kichuri, mchuzi wa nyama wenye uchungu wake. Nikala nikamaliza, naye akaridhika. Kisha akajifunga kanga, tukaenda wote.

Uwanjani nilikuta kundi dogo la mashabiki wa kwetu. Kusikia lafudhi ya nyumbani kulinilegeza. Nilicheka nao, nikaulizia mitaa ya nyumbani, nikawa nafuata mpira kwa macho kama watu wote. Mapumziko yalipofika nikajiuliza: mabeki watatu au wanne? Sikujua. Nilikuwa nimekula dakika zote za baba.

Kipindi cha pili Mama Bhoke alinigusa bega. "Yule wenu mwenye sita mgongoni anaumwa? Wenzake wanakimbia, yeye anatembea tu."

"Haumwi, mama."

"Basi ni mvivu."

Niliudhika, na kwa kutaka kumtetea nikaacha kuangalia mpira, nikamwangalia yeye peke yake. Kipa alipoushika mpira, namba sita alirudi taratibu akasimama katikati ya mabeki wawili wa kati. Hapohapo mabeki wa pembeni wakapanda juu mpaka karibu na mawinga. Nyuma wakabaki watatu. Mpira ulipopotea, yeye akasogea mbele, wale wa pembeni wakarudi mbio, wakawa wanne. Hakuwa mvivu; timu nzima ilikuwa ikijipanga kwa kumwangalia yeye. Tulifungwa bao moja, kwa kona. Mama Bhoke alinipa pole huku anacheka.

Jumapili, nikirudi, nilishuka Mugumu, nikatafuta kivuli nyuma ya duka la mbolea, nikampigia baba. Nilimweleza yote polepole. Upande wake nilisikia kitu kikigongagonga.

"Baba, ni nini hicho?"

"Vifuniko vya soda. Nimevipanga kwenye sinia. Rudia beki wa kushoto."

Nikarudia. Nikasikia kifuniko kikiburuzwa.

"Na namba sita?"

"Mrudishe nyuma, baba. Katikati ya wale wawili."

Akaanza kupapasa. Nilimwona kabisa, vidole vyake vikitafuta njia kwenye sinia, na hakukuwa na mtu pembeni wa kumsogezea. Katika safari ile nilijifunza kwamba macho yanaweza kutumwa, lakini mikono haitumwi.

"Nimempata," akasema. "Endelea, mwanangu. Usikate simu."