Idi Mbili na Mechi Moja ya Msabaha

Mimi mpira siujui na sitaki kuujua, lakini msimu huu nimeusikia mpaka umenitokea puani. Mume wangu Msabaha, Mpemba wa Wete, ndiye mshika funguo wa koleji moja hapa Barking, ughaibuni. Mwalimu aliyekuwa akifundisha timu ya mpira alipohama, wakubwa walitaka kuifuta. Msabaha akainua mkono. Kocha gani huyo, jamani, ambaye kwao hata golini walikuwa hawamweki?

Basi wakafungwa tangu Septemba. Walifungwa kwenye mvua, walifungwa kwenye jua. Yeye anarudi nyumbani anacheka, kaingia na tope mpaka kwenye zulia langu.

“Mama Miska, leo sita tu.”

Miska ni binti yetu, naye kazi yake ni kumcheka babake kwa Kiingereza. Mimi namgombeza Msabaha kwa Kiswahili. Ananijibu kwamba vijana wale wakikosa timu watashinda wakirandaranda steshini. Najua ni kweli, na ndiyo maana nampenda ingawa simwambii.

Shida ilikuja na mechi ya mwisho. Timu ikifika na wachezaji chini ya saba, mechi haichezwi na timu hiyo imeshindwa, na sisi yalishatukuta hayo mara mbili. Mkuu wa koleji akasema yakitokea tena, timu inavunjwa. Msabaha akakubali mechi iwe Ijumaa alasiri, akiwa na hakika kwamba Idi ni Jumamosi.

Sasa mwenyewe hufuata mwezi wa nyumbani, mimi hufuata Saudia. Kila mwaka nyumba yetu ina Idi mbili: mmoja anakula biriani, mwenzake kafunga na kanuna. Mtu anayeishi nyumba kama hiyo anapangaje mechi kwa mwezi wake peke yake? Nilimuuliza. Akasema vijana wako pamoja naye. Kwenye mazoezi, sawa, lakini Idi kila mmoja anakula na mamake.

Alhamisi, baada ya magharibi ya kwao, Saudia wakatangaza. Simu yake ikaanza kulia. “Anko, kesho Idi, mama amekataa.” Mmoja, wa pili, wa tatu. Msabaha akakaa kitandani, simu mkononi, haipokei tena. Sijapata kumwona vile tangu anioe. Roho iliniuma.

Nikachukua simu yangu. Nilianza na Haifa, mama wa kipa wetu, maana huyo akikubali wengine wote wanafuata. Nikamwambia Idi mwaka huu inaliwa uwanjani, mimi naleta biriani, yeye alete mkate wa kumimina. Haifa akasema nimeingiwa na wazimu. Kisha akauliza tutakuwa watu wangapi.

Ijumaa wakaja wote, wana Idi na waliofunga. Kanzu, madera mapya, watoto, masufuria yamefungwa kwa mablanketi. Waliofunga wakakaa unakotoka upepo wasisikie harufu. Wachezaji kumi na sita. Msabaha aliwahesabu mara mbili, machozi yamemlengalenga.

Kocha wa wapinzani, Mohinder, Singasinga aliyekulia Nakuru, akaja kajishika kiuno.

“Mzee, mimi niko na sita tu. Hao wengine wote wako kwa Idi.”

Refa akasema basi, hakuna mechi, ushindi ni wetu. Ushindi wa kwanza msimu mzima. Vijana wakarukaruka, nami nikapiga kigelegele. Timu imepona, tukale.

Msabaha alikuwa anawatazama wale sita wa Mohinder waliotoka ng'ambo ya mto, wameshavaa jezi na viatu.

“Ushindi tumeshauchukua,” akamwambia Mohinder. “Sasa tucheze. Nakuazima watano.”

Nikamvuta pembeni. “Baba Miska, una akili wewe?”

“Wamekuja kucheza, Mama Miska. Kama wetu.”

Kati ya walioazimwa alikuwemo Ziyad, mshambuliaji wetu, ambaye msimu mzima hakuwa amefunga bao hata moja. Akatufunga sisi, kutoka mbali, bao zuri hata mimi nililiona. Akabaki kashika kichwa, hajui acheke au aombe radhi. Msabaha, mdomo umemkauka kwa saumu, akakimbia uwanjani, akamkumbatia mbele ya kipa wetu aliyekuwa anawatazama kwa uchungu.

“Nilijua utafunga,” akamwambia. “Nilijua tu.”

Tukafungwa matatu. Watu wakafunua masufuria, Mohinder akapakuliwa wa kwanza. Mimi asubuhi nilikunywa chai, maana siku ya Idi haifungwi, lakini biriani sikuigusa. Nilipakua sahani moja kubwa ya watu wawili, nikaifunika, nikakaa karibu na mume wangu tukangoja jua lizame.