Saa Njema Imesogezwa kwa Ajili ya Magego Mawili

Jamani, IMESOGEZWA! Saa njema ya bi Lựu, ile ambayo haikusogezwa hata siku ya mafuriko, imesogezwa, na aliyefanya hivyo ni dada Khuê wetu wa Cần Thơ!

Kazi ya Khuê ni kuvunja apu za watu, kwa ruhusa yao, kabla wezi hawajazivunja. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kliniki ya meno ya kaka Thịnh. Apu ya kliniki ilikuwa ifunguliwe saa nne kamili, saa aliyoichagua bi Lựu, mama yake Thịnh, kwenye kalenda yake ya saa za bahati. Nguruwe wa kuchoma wa sadaka ya ufunguzi yuko mezani, ubani unawaka. Na ndani ya seva, picha za meno za wagonjwa wote.

"Kaka, ahirisha," Khuê akasema. "Mgonjwa akiweka linki ya picha yake, seva yako inaifuata yenyewe. Mtu ataituma ndani ikamletee picha za wenzake."

"Tumeweka mlinzi kwenye apu, mdogo wangu. Linki yoyote ya humu ndani anaikataa."

"Anakagua mlangoni tu. Nijaribu na picha yako?"

"Jaribu hata kumi. Nguruwe anapoa."

Khuê akaweka linki ya ukurasa wake mwenyewe, wa nje, mpole kabisa. Mlinzi akaukagua, akaruhusu. Seva ilipofika pale ikakuta maneno: picha imehamia ndani kwenu. Ikageuka, ikaingia ndani, maana wa kukagua mara ya pili hakuwepo. Kwenye skrini kubwa, juu ya nguruwe, yakatokea magego ya kaka Thịnh. Mawili yameoza.

"Si ulisema umeziba matundu?" bi Lựu akauliza.

"Mama, hapa tunaongelea usalama wa..."

"Daktari wa meno mzima!"

"Bi mkubwa," Khuê akasema taratibu, "na picha ya meno yako imo humo humo."

Bi Lựu akashika shavu. Akavaa miwani, akafungua kalenda, akasoma weee.

"Saa tisa nayo njema," akasema. "Tena zaidi."

Khuê akakaa na fundi wa apu. Ilipofika saa tisa mlinzi akawa anakagua kila hatua, siyo mlangoni tu. Khuê akajaribu tena, akakataliwa, akapewa sikio la nguruwe. Thịnh hakula. Alikuwa kwenye kiti chake mwenyewe cha wagonjwa, mdomo wazi, mama yake kasimama pembeni.

Mtumie hii yeyote mwenye apu inayopokea linki.